Sahani Imerudi Tupu

Treni za chini ya ardhi za London zilianza mwaka 1863, na nikiwatazama abiria wake naona kama wengine tangu siku hiyo bado wanasubiri kutambulishwa. Mmebanana bega kwa bega, kwapa la mtu liko puani mwako, lakini ole wako useme habari za asubuhi! Macho yote yako kwenye simu, au nyuma ya Metro, lile gazeti la bure. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja aligawa beji ili anayetaka kupiga soga aivae, ajulikane. Soga tu, jamani. Watu walinuna kana kwamba kawaomba mkopo, na wengine wakatoa beji zao za kukataa kusemeshwa.

Sasa apande mbwa. Behewa zima linachangamka. Mbwa anaulizwa jina, anaulizwa umri, anasifiwa masikio. Mimi niliyesimama pembeni, mwenye masikio mawili mazuri tu, naachiwa ramani ya vituo niisome.

Wenyewe mtu asiyechangamka wanamwita standoffish. Nimelisikia kazini, bwana mmoja akimsengenya mwenzake, na bwana huyo hajawahi hata siku moja kuniuliza nimeamkaje. Nyani haoni kundule.

Najua watatetewa: eti si maringo, ni haya tu, hawapendi kumsumbua mtu. Haya. Lakini jirani yangu wa mlango wa pili hutega sikio nyuma ya mlango wake mpaka nimalize ngazi, ndipo atoke. Namsikia! Sakafu ya mbao inamsaliti.

Idi iliyopita nikampelekea vitumbua na sambusa kwenye sahani ya udongo, ile nzuri ya wageni. Nikabisha. Akafungua kwa upenyo, mnyororo haujatoka, akauliza kama bomba linavuja. Nikamweleza kuwa ni sikukuu. Akashukuru, akaomba radhi, sijui kwa lipi, akashukuru tena, akafunga.

Kesho yake nikaikuta sahani kwenye kitasa changu, imening'inizwa ndani ya mfuko pamoja na kadi ya asante yenye picha ya maua. Imeoshwa inang'aa. Tupu! Hata ndimu moja? Hata biskuti?

Nilimsimulia mama kwa simu. Habari za kadi hakutaka kuzisikia.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyo jirani yako kafiwa?"