Hotuba ya Bingwa Kuhusu Mbwa Wasikikao Bila Kuonekana

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wa kamati, kina mama, ndugu zetu wa Uvira na Bukavu mlioujaza ukumbi huu wa Lexington, na nyinyi wa viti vya nyuma ambao najua fika mmefuata pilau: nimeombwa nizungumze kwa dakika ishirini. Nimekubali kuanza na hizo.

Wapo wanaonong'ona: mtu wa Tanga na mbwa wa kufukuza mbweha wa Kentucky, wapi na wapi? Swali la kitoto. Mimi nimekulia katika mji uliogawanywa na Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarabu vya mji mmoja, lugha moja, na mashabiki wasioombana chumvi. Mtu wa malezi hayo akimsikia mwenye mbwa wa ukoo wa Walker akimsema mwenye mbwa wa ukoo wa Trigg, hahitaji mkalimani. Hiyo ndiyo shahada yangu ya kwanza. Ya pili nilijitunuku mwenyewe, baada ya kuufaulu mtihani mgumu niliojitungia.

Tuanze na kosa la wasomi wadogo. Wanadhani mwenye mbwa wa mbweha anamtaka mbweha. Thubutu! Katika vilima vya Kentucky watu hawa huwafungulia mbwa usiku, wakawasha moto juu ya kilima, wakamimina kahawa pamoja na kitu kingine kilichomo ndani ya chupa isiyo na nembo, kisha wakakaa kimya kusikiliza. Bunduki haitakiwi. Anayempiga mbweha risasi hutengwa na kijiji kizima, maana mbweha huyo alikuwa na kazi kesho yake. Kinachowindwa ni sauti. Yupo mbwa anayelia kwa kuvuta, mlio mmoja mrefu unaopanda bonde na kushuka. Yupo anayebweka kwa kukatakata, haraka haraka, pindi nyayo zinaponuka upya. Mwenye mbwa humjua wake kwa mlio, hata wakiwa ishirini. Basi utamsikia: "Huyo Belle wangu, kamgeuza mtoni." Jirani yake anatema mate motoni: "Belle wako? Huyo ni Drum wangu. Belle anafuata." Giza halijawahi kumtolea ushahidi yeyote, na ndiyo maana urafiki wao umedumu.

Sasa nasaba. Naomba watoto wanyamazishwe.

Hadi katikati ya karne ya 19, watu wa wilaya ya Madison, kusini mwa hapa tulipo, walikuwa wakimfukuza mbweha wa kijivu, mnyama wa kuzungukazunguka pale pale na akichoka kupanda mti. Kisha akaingia mbweha mwekundu. Huyu hazunguki, hunyoosha. Mbwa wa zamani wakaachwa hoi, na bwana mmoja, George Washington Maupin, akaanza kutafuta damu yenye kasi. Mwaka 1852 Tom Harris akamletea mbwa mweusi kutoka Tennessee. Inasimuliwa kwamba mbwa huyo alikuwa shughulini, anamfukuza kulungu. Harris akamwona, akampenda, akaondoka naye. Katika vitabu vya mbwa tendo hilo huitwa bahati. Kwetu lina kifungu chake cha sheria. Mbwa akaitwa Tennessee Lead. Baba hajulikani, mama hajulikani, mwenyewe hakuulizwa, na leo hii hakuna mwenye Walker asiyemtaja kama sharifu anavyotaja shajara yake. Jina lenyewe la Walker ni la familia iliyokuwa jirani ya Maupin na ikaikuza mbegu hiyo.

Naye Kanali Haiden Trigg wa Glasgow, Kentucky hii hii, katika miaka ya 1860 alipata mbwa kwa mfugaji mmoja, Birdsong, kule Georgia, akaongeza wengine kutoka kwa Maupin na kwa akina Walker, akawachanganya. Wajukuu wa wateja wake sasa wanaapa kwamba Trigg na Walker hawahusiani hata kwa ndoa. Ukoo wa July umetokana na mbwa mmoja, July, aliyepelekwa Georgia akitokea Maryland. Wa Penn-Marydel wamejichotea jina kutoka Pennsylvania, Maryland na Delaware: masikio marefu, mwendo wa taratibu, pua inayonusa nyayo za zamani, na sauti ya kuamsha wafu. Mwenye Walker husema mbwa hao humpigia mbweha kelele mpaka afe kwa uzee. Mwenye Penn-Marydel hujibu kwamba Walker hukimbia mno hata akampita mbweha bila kumsalimu. Nimezipima hoja zote mbili kisayansi. Ya kwanza ni kweli.

Msinielewe vibaya, mimi sina upande. Kwamba nina nusu ya mbwa wa Walker, kwa ubia na jirani yangu, hilo ni suala la uchumi. Nusu yangu ni ile inayolia. Ya jirani ni ile inayokula. Waingereza, kwa faida yenu, huhesabu mbwa hawa kwa jozi: mbwa 35 ni jozi 17 na nusu. Kwa hesabu hiyo mimi namiliki robo ya jozi.

Wala msidhani ugomvi huu ni wa walalahoi wa vilimani. Mwaka 1905 matajiri wawili wa Massachusetts walitoana jasho juu yake. Harry Worcester Smith, mwenye kundi la mbwa la Grafton, alishikilia kwamba nchi ya Marekani inataka mbwa wa Kimarekani, mwenye kujitafutia mwenyewe bila kusubiri amri. A. Henry Higginson, mwenye kundi la Middlesex, aliwanyenyekea wa Kiingereza: wazito, wenye nidhamu, wanaokwenda kwa pamoja. Wakawekeana dola 1,000 kila upande, wakasafirisha mbwa, farasi na viburi vyao hadi Virginia, karibu na Middleburg na Upperville, na kuanzia Novemba mosi wakawa wanapokezana siku kwa wiki mbili mbele ya waamuzi. Ushindi ukapewa Grafton. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza mbweha wangapi waliuawa. Swali hilo siku hizi nalitoza faini. Higginson baadaye alihamia Uingereza akaongoza uwindaji kule Dorset, mahali ambapo mbwa wake hawakuhitaji wakili.

Ya siku hizi nitayapita haraka, yananipandisha presha. Sehemu nyingi mbweha amepisha koyoti. Katika mashindano mbwa hupakwa namba ubavuni, na mwamuzi huandika nani amefanya nini. Mbaya kuliko yote, wamezuka vijana wanaowafunga mbwa kola za setilaiti na kuwafuata kwenye skrini. Mtu amekaa mbele ya moto, na badala ya kutega sikio anatazama kidole chake! Naipinga teknolojia hiyo kwa sababu za kitaaluma ambazo muda hautoshi kuzieleza.

Sasa vitendo. Fundi, washa spika. Hii nimeirekodi mwenyewe kilimani. Tulieni. Huyo mwenye sauti nzito ni July, hana jipya. Huyo wa mbali, aliyebaki nyuma kabisa, ni Trigg. Sikilizeni, hata mlio una aibu. Subirini... Huyo! Huyo anayeongoza! Walker mtupu, Tennessee Lead amefufuka! Pigeni makofi.

Naona mkono. Naam, mzee wangu wa kofia ya kijani. Ulikuwapo usiku ule? Karibu. Unasema anayeongoza ni mbwa wako. Hongera. Unasema ni Trigg. Una cheti chake mfukoni. Alikuwa amevaa kola. Na simu yako inaonyesha... Mwenyekiti, maswali ni lazima yawe mafupi... inaonyesha kwamba saa ile Walker wangu alikuwa chini ya gari langu, amelala.

Kaa kitako, mzee wangu, umesimama sana. Elimu haigombani na kola. Turudi kwenye nasaba, maana sikuisoma kwa kupoteza muda: Kanali Trigg alichukua mbwa kwa akina Walker. Kwa hiyo Trigg akiongoza, inayoongoza ni damu ya Walker iliyomo ndani yake. Akibaki nyuma, ni ile ya Georgia. Andikeni hivyo hivyo. Na kuhusu huyo aliyekuwa chini ya gari, iliyolala ni nusu ya jirani.