Mbuzi ya Nazi na Petroli ya Jirani

Kwa Mjomba wangu mpenzi, Nahodha,

Napenda kukupa habari za safari niliyofuatana na jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu, ambaye, ijapokuwa ana nyumba yenye vyumba tele, amenunua nyingine ya bati yenye kitanda, jiko na choo, akaifunga nyuma ya pikapu yake kama tela, tukatoka Omaha kuelekea California.

Pikapu hiyo, ikiwa peke yake, hupata maili 20 kwa galoni, nayo galoni yao haitimii lita 4. Ilipokokota tela zikabaki 9, na mzee akaghadhibika, akapekua mizigo kumtafuta mhalifu. Hakuona ila mbuzi yangu ya kukunia nazi, yenye uzito wa kilo 2, akaihukumu papo hapo na kuiacha kwenye kituo cha petroli, ilhali tangi la tela limejaa lita 150 za maji, yaani kilo 150, na kila kambi tuliyolala ina mfereji!

Wala maji hayo si hasimu mkubwa. Uzito hudai haki yake gari linapoondoka na linapopanda, na Nebraska, ambayo machoni ni tambarare tupu, huinuka kwa siri kutoka futi 1,000 hivi hadi kupita 5,000 upande wa magharibi. Lakini njia ikinyooka, mla petroli hasa ni hewa. Wewe uliyeshika usukani wa jahazi ungaling'amua mara moja kwamba uso wa tela lile, mpana na wima, ni tanga lililotwekwa kuzuia safari. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hata atokaye maili 60 kwa saa akaenda 70 amejizidishia zaidi ya thuluthi. Na huko Wyoming, ambako upepo wa mbisho haujui likizo, ukivuma kwa maili 20, gari liendalo 60 hupasua hewa ya 80. Nilimweleza haya kwa adabu zote. Akanijibu kwamba alianza kuendesha kabla sijazaliwa, akakanyaga mafuta.

Tulipoingia California, ambako sheria haimruhusu mkokota tela kupita maili 55 kwa saa, na ambako barabara hushuka zaidi ya futi 7,000 kutoka mlima wa Donner hadi Sacramento, tukapata maili 13 kwa galoni. Mzee akanipiga begani kwa bashasha: "Unaona? Ni kile kigoda chako!"

Basi, Mjomba, tafadhali niletee mbuzi nyingine, na fundi aiandike uzito wake ubavuni, kwa herufi kubwa.

Wasalaam,
Mpwa wako