Boila ya Kisorya: Mwongozo kwa Baba Mwenye Haraka ya Kununua

Kabla hujapanda gari kwenda Bunda kununua mtambo wa kuchemshia maji, baba, mnyang'anye fundi kalamu. Fundi akianza kuchora bafu lako atachora tangi la lita 80 ukutani, bomba jekundu, bomba la bluu na kioo kikubwa cha kujitazamia. Hatakuuliza maji yanaingiaje nyumbani, na hilo ndilo swali la kwanza. Kama yanaingia kwenye ndoo ya lita 20 iliyobebwa kichwani kutoka ziwani, tangi la ukutani litabaki pambo la wageni. Tangi hujazwa na bomba. Halijui kupokea ndoo.

Yuko pia ndugu aliye Uingereza. Yeye ametuma picha ya boila nyeupe iliyopachikwa ukutani jikoni kwake, inatumia gesi, na anasifu kwamba akifungua bomba maji moto yanatoka. Anasema kweli. Lakini kazi kubwa ya boila ile ni kuipasha nyumba nzima miezi ya baridi, kwa kuzungusha maji moto hadi kwenye vyuma vilivyofungwa kila chumba. Huko hata fundi wa kuifunga sharti awe amesajiliwa kwa kazi za gesi. Kisorya iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na bati la nyumba yako linapasha chumba mchana kutwa bila kudai malipo. Mshukuru ndugu kwa picha, umwombe atume ada ya shule.

Sasa sharti kuu la mwongozo huu, ambalo ukilishika unaweza kuyasahau mengine yote: boila ichaguliwe na yule anayeamka kuiwasha. Katika nyumba nyingi za huku, iwe ya Wajita au ya Wakerewe, huyo ni mama, na nyuma yake binti wa darasa la sita. Wao ndio wanaojua dumu lina uzito gani saa kumi na mbili asubuhi, kuni zinatoka umbali gani mwaka huu kulinganisha na mwaka jana, na nani kati ya watoto anakohoa kwa moshi. Baba hununua kinachong'aa dukani. Mama atauliza kinakula nini kila siku. Mpe yeye hela, wewe beba mzigo.

Akishazipata hela, mkae wote mhesabu. Tuchukue nyumba ya watu sita. Kila mtu anywe lita 2 kwa siku, hizo ni lita 12 za kuchemsha. Kila mtu aoge lita 10, hizo ni lita 60 za uvuguvugu. Maji ya ziwa yana joto la nyuzi 24 hivi. Kuzichemsha zile 12 kunakula takribani uniti moja ya umeme, na kuzipasha zile 60 hadi nyuzi 40 kunakula uniti nyingine na ziada kidogo. Uniti mbili kwa siku ni zaidi ya 60 kwa mwezi. Mtumiaji mdogo wa Tanesco ana nafuu ya bei hadi uniti 75 kwa mwezi, na akizipita anauziwa zinazofuata kwa bei ya juu. Kwa hiyo ukiuachia umeme kazi yote ya maji, taa, televisheni na jokofu zitagombania kile kidogo kilichobaki, na Luku italia kabla mwezi haujafika nusu.

Hesabu hiyo hiyo kwa gesi. Mtungi wa kilo 6 ukifanya kazi ya maji peke yake, ya kunywa na ya kuoga, utaisha kama siku ya 18, na hapo ugali haujasongwa. Kwa kuni kavu kwenye mafiga matatu, andaa kilo 4 hivi kila siku, kwa sababu sehemu kubwa ya moto wa mafiga inapasha hewa na macho ya mpishi. Jiko banifu la udongo linapunguza mzigo huo hadi karibu nusu. Mkaa unaonekana mwepesi na safi, kilo moja na kitu tu kwa siku, mpaka ukumbuke kwamba kwenye tanuri la kienyeji kilo moja ya mkaa imekula kilo 8 hadi 10 za mti. Anayechoma mkaa amekwisha kuteketeza kuni zako kabla hujawasha kiberiti.

Hapo wengi hukata tamaa na kusema watoto waende wakaoge ziwani kama walivyooga babu zao. Nakusihi, usiseme hivyo. Maji ya mwaloni yana kichocho, kile cha tumbo, kinachokaa kwenye konokono wadogo wa majanini na kutoka kikiwa kijidudu kinachoogelea kutafuta ngozi ya mtu. Dakika chache ndani ya maji zinatosha kijidudu hicho kipenye. Mchana jua likiwa kali, saa ile ile watoto wanapopenda kuruka majini, ndipo konokono humwaga vijidudu kwa wingi. Miaka mingi baadaye ini huvimba, tumbo hujaa maji, na mtu mzima mwenye nguvu za kuvuta wavu anakuwa wa kukalishwa kivulini. Shule za Kanda ya Ziwa hugawa vidonge vya prazikwanteli, na vinatibu vizuri sana, lakini mtoto aliyetibiwa asubuhi na kuoga ziwani jioni ameanza upya. Ndiyo maana nayachukulia maji moto ya kuoga kama dawa. Kwa mtu wa mwaloni si anasa hata kidogo, na mtu akikucheka kwa kuhangaika na boila, mwambie hivyo.

Kumbe kijidudu cha kichocho kina udhaifu mkubwa: kisipopata ngozi, ndani ya siku mbili kimekufa. Chota maji, yachuje kwa kitambaa kizito ili konokono asiingie, yamimine kwenye pipa lenye mfuniko, yaache yakae saa 48. Ya kuoga yako tayari bila kijiti kimoja cha kuni. Unahitaji mapipa mawili au matatu ya kupokezana, na mtu wa kuandika kwa chaki siku yaliyochotwa. Mpe kazi hiyo mtoto anayejifunza kuandika, ataifanya kwa fahari. Angalizo moja tu, na lishike: kukaa hakuui kipindupindu wala homa ya matumbo. Ya kunywa lazima yachemke.

Basi hesabu yetu imebadilika sura. Zile lita 60 hazihitaji kuchemka, zinahitaji kupata vuguvugu, na vuguvugu linapatikana juani bure. Tembea ufukweni uone dagaa walioanikwa, kisha uniambie kwa nini maji ya kuoga ya nyumba nzima yapashwe kwa mtungi. Madumu meusi ya lita 20, yalazwe juu ya bati au juu ya mawe tangu saa tatu asubuhi, yageuzwe mara moja mchana. Jioni mama anaogesha watoto kwa maji yaliyopata joto la kutosha. Hiyo ndiyo boila ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za Kisorya kuliko zote, na nitasimama mbele ya fundi yeyote kuitetea. Inadai jambo moja: familia ikubali kuoga jioni badala ya alfajiri.

Zinabaki lita 12 za kunywa. Hapa tumia gesi kama umeipata. Serikali imeweka lengo la kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na REA imepeleka vijijini mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Kwa kuchemsha ya kunywa tu, mtungi huo utakuvusha mwezi na siku kadhaa. Lakini funika sufuria! Na usichemshe kupita kiasi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji hapa hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, na joto hilo linawatosha kabisa wadudu wa tumbo. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, hesabu dakika moja, zima. Yule anayeyaacha yatokote nusu saa anatengeneza mvuke, na mvuke haunyweki. Yapoe ndani ya chombo kile kile na mfuniko wake, maana kikombe kichafu kikitumbukizwa humo kazi yote imepotea.

Mwezi ukiwa mgumu na mtungi umeisha, kuna chupa za plastiki, zile angavu za maji ya dukani zisizozidi lita 2. Jaza maji yaliyochujwa hadi yaonekane safi, zilaze juani saa sita. Mawingu yakitanda, siku mbili. Miale ya jua inaua vijidudu, na Shirika la Afya Duniani linaitambua njia hii.

Mvuvi wa dagaa ana kesi yake. Yeye hutoka usiku na taa, hurudi alfajiri amelowa na upepo wa ziwa umemkaza mifupa, wakati dumu la juani limeshapoa. Nyumba kama hiyo isimhukumu kwa kutaka maji moto saa kumi na moja. Mama achemshe jioni pamoja na chakula, ajaze chupa mbili kubwa za chai, azifunge kwenye blanketi; alfajiri achanganye na maji ya pipa. Usiku wa mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, chupa zipumzike na mke alale.

Kitu kimoja siwezi kukichagua hata nikipewa bure ni ile hita ya kuchovya, msokoto wa chuma wenye waya unaotumbukizwa kwenye ndoo. Inauzwa bei ndogo, inachemsha haraka, na inaua. Mtoto anaweka kidole kuonja kama yamepata moto, ndoo haina waya wa ardhi, sakafu imelowa. Kama imo ndani ya nyumba yako, chomoa kwenye soketi kabla mtu yeyote hajagusa maji, kila mara, hata kama una haraka ya kuwahi kivuko cha Rugezi. Afadhali jagi la umeme linalojizima lenyewe. Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu usiku wa baridi: hewa yake yenye sumu haina harufu.

Wenye maji ya bomba na simtanki juu ya mnara sikuwasahau. Kwenu tangi la sola linafaa hasa. Lita 100, kioo au mirija ya mita mbili za mraba, na jua la siku moja njema linayafikisha maji nyuzi 60, kisha tangi lililovikwa vizuri linayatunza hadi asubuhi. Maji ya ziwa ni laini, hayaachi ukoko mwingi wa chokaa, ila tope lake litatuama chini ya tangi, kwa hiyo dai koki ya kulisafisha. Hita ndogo ya papo hapo ipimwe kwanza: simtanki lililoinuliwa mita tatu linatoa msukumo mdogo, na hita nyingi za aina hiyo hazitawaka kabisa. Ya gesi isifungwe ndani ya bafu bila bomba la kutoa hewa nje. Benjamin Waddy Maughan wa London alipotengeneza ya kwanza mwaka 1868 hakuiwekea bomba hilo, na mafundi wa haraka wanaendelea kumwiga.

Mama akifika dukani Bunda na hela mkononi, aulize vitu vitatu kabla ya bei: valvu ya usalama iko wapi, waya wa ardhi utashuka wapi, na nani atakuja Kisorya mtambo ukivuja. Muuzaji akisema valvu si lazima, mama atoke, aingie duka la pili. Tangi la maji ya moto lisilo na pa kupumulia hupasuka. Akikosa yote matatu katika maduka yote, arudi na madumu manne meusi, na chenji.