Mwaliko wa Harusi Uliolala na Matapeli

Wifi yangu wa Maskati alipiga simu usiku, na hakunisalimu.

"Wifi, kwani huko mmeshanizika?"

Alikuwa amesikia kwa mtu baki, muuza udi, kwamba binti yetu anaolewa Tanga baada ya Ramadhani. Yeye, dada wa tumbo moja wa baba wa mwali, hajapata kadi wala salamu. Anayezijua nyumba za pwani anaelewa uzito wa neno hilo. Shangazi haalikwi kama jirani. Shangazi ndiye mwenye mwali. Kumruka ni kumwambia kuwa damu yake haihesabiwi. Mama mkwe alikuwa barazani akisikia kila kitu. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nami nilijua mwaliko umetumwa. Shemeji yangu, katibu wa kamati ya harusi, aliuandika mbele ya macho yangu. Ni mtu wa utaratibu: aliwahi kuwa karani bandarini, na anaamini kwamba jambo la ukoo huandikwa barua. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limevunjika kwa ugomvi wa shamba la minazi la Pangani, kwa hiyo kamati iliamua kutumia barua pepe. Kijana mmoja wa mtaani alimfungulia shemeji tovuti ya harusi yenye anwani yake mpya, na ukoo mzima ukatumiwa barua kwa mkupuo mmoja: Maskati, London, Toronto, Nairobi, Unguja.

Kisha kimya. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyechanga. Mpishi alitaka malipo ya awali, mwenye maturubai alitaka yake, na mchele ulikuwa haujanunuliwa. Nyumbani tukaanza kutazamana. Upande wa mume wangu ukanong'ona kwamba upande wangu umefuta majina. Dada zangu wakajibu kwamba waliokwenda ng'ambo wamesahau walikotoka. Shemeji alizunguka na daftari la majina mkononi, akiapa kwamba barua zimekwenda. Barua zilikuwa zimekwenda kweli.

Aliyetufumbua macho ni kitinda mimba wangu, anayesoma kompyuta chuoni Dodoma. Aliomba simu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Na wewe wamekutuma?"

"Sikutumwa, Shangazi. Fungua barua pepe yako. Juu, pembeni, kuna vistari vitatu. Vibonyeze."

"Vimefunguka."

"Sasa shuka chini mpaka uone palipoandikwa Barua taka. Fungua hapo, unisomee."

Wifi akasoma kwa sauti. Kulikuwa na bahati nasibu ya nchi asiyoijua, dawa ya kupunguza unene, mtu aliyedai kuachiwa dhahabu na jenerali. Kisha akasoma jina la mwali wetu, akapaza sauti hata jirani wakasikia: "Mmemlaza mwanangu na matapeli!"

Barua ilikuwa imebakiza siku chache tu za kuishi, kwa maana huduma kubwa, Gmail mojawapo, hufuta taka baada ya siku 30. Lau ingekwisha kufutwa, tungebishana mpaka kiama, kila upande ukiwa na haki yake.

Usiku ule kitinda mimba alituketisha, akaiweka barua ya baba yake mdogo mezani, tukaisoma jinsi kichujio, programu inayotenga barua taka, kinavyoisoma. Nayaeleza hapa kwa sababu najua nyumba nyingine zimenuniana kwa kisa kama hiki, na hazijui.

Kichujio hakianzi na maneno. Kinaanza na mlango, kama mama wa nyumba anavyosikia hodi na kuuliza "Nani?" kabla hajauliza "Una shida gani?" Kinatazama barua imetoka kompyuta gani. Tangu mwaka 1998 lipo shirika la Spamhaus, linalotunza orodha za kompyuta zinazojulikana kwa kurusha taka, na watoa huduma wengi hulinganisha kila barua na orodha za namna hiyo. Kisha kinatazama anwani. Yetu ilikuwa na umri wa siku mbili tatu, haina historia yoyote, nayo ghafla inamwaga barua kwa watu wa nchi nyingi. Matapeli hufanya hivyo hivyo: hufungua anwani mpya, huitumia mpaka ichafuke, huitupa, hufungua nyingine.

Halafu kinataka vitambulisho. Mwenye anwani ya tovuti anatakiwa aweke hadharani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Utaratibu huo huitwa SPF. Anatakiwa pia kuitia kila barua sahihi ya kidijiti inayoweza kuhakikiwa, nayo ni DKIM. Wa tatu, DMARC, humwambia mpokeaji afanye nini iwapo barua inayodai kutoka kwa mwenye anwani imeshindwa kujitambulisha. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza kamba. Hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na walau SPF au DKIM, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail anatakiwa awe na vyote vitatu, aweke njia rahisi ya mtu kujiondoa, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Kijana aliyetufungulia tovuti hakuweka hata kimoja. Mwaliko wetu ulifika mlangoni bila jina la baba.

Ndipo maneno yanapopimwa. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu wa Marekani, Paul Graham, aliandika makala iliyoeneza njia inayotumia hesabu za Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Kichujio hupewa marundo mawili, barua njema na taka. Kinahesabu kila neno limetokea mara ngapi huku na mara ngapi kule, na kwa hesabu hiyo kila neno linapata uzito wake. Barua mpya ilipokuja, kichujio cha Graham kilichukua maneno 15 yenye ushahidi mkubwa zaidi, kuelekea wema au ubaya, kikayajumlisha na kutoa uwezekano. Hapakuwa na neno lililoharamishwa. Kulikuwa na ushahidi, na ushahidi ulipimwa wote kwa pamoja.

Kwa hiyo neno "pesa" peke yake halimhukumu mtu. Lakini shemeji aliandika kichwa cha barua kwa herufi kubwa tupu: HARAKA!!! MCHANGO WA HARUSI, TUMA LEO. Chini yake ikafuata namba ya simu ya kupokelea fedha, kiungo kilichofupishwa kisichoonyesha kinaelekea wapi, na kadi yenyewe ikiwa picha moja kubwa bila maandishi ya kusomeka. Na kwa kuwa harusi ni furaha, barua nzima ilikuwa nyekundu. Graham aligundua kwamba msimbo wa rangi nyekundu kali katika kurasa, ff0000, ulikuwa ishara ya taka yenye nguvu sawa na maneno ya ponografia, maana wauza taka waliipenda mno. Programu ya SpamAssassin, iliyoanza mwaka 2001, huipa kila dalili alama zake na kuzijumlisha. Kwa kawaida zikifika 5, barua ni taka. Hakuna kosa moja lililotuangusha. Madogo yalijumlishwa.

Jambo la mwisho lilitunyamazisha wote. Daftari la shemeji lilikuwa la miaka mingi, na ndani yake mlikuwa na anwani za waliohama kazi, na za marehemu, akiwamo mjomba wetu tuliyemzika zamani. Barua zinazogonga visanduku vilivyokufa humchafulia mtumaji jina. Baadhi ya anwani zilizotelekezwa hugeuzwa mitego: kwa kuwa hakuna mtu hai anayetarajia barua pale, anayeandika huko anahesabiwa kuwa ameokota majina bila idhini. Mama mkwe, aliyekuwa ametoka chumbani, aliuliza, "Kwa hiyo tulimwalika marehemu, tukamkosa aliye hai?" Hakuna aliyemjibu.

Ingekuwa vyema kusema tuliyaelewa yote tukalala. Asubuhi shemeji alipata shauri jingine kwenye kibanda cha simu: kichujio kinaweza kudanganywa. Andika p3sa badala ya pesa, mch@ngo badala ya mchango, kisiyatambue maneno. Kwa haraka ya kuokoa harusi, barua ya pili ikatoka hivyo kabla kitinda mimba hajaamka.

Hali ikawa mbaya zaidi, na sababu yake ndiyo kiini cha kisa hiki. Neno "pesa" limo katika barua nyingi za watu wema: mtoto anaomba ada, mke anauliza ya matumizi. "P3sa" haimo katika barua ya mtu mwema hata moja. Anayelificha neno analivua ushahidi wake mzuri wote, akabakiza ule mbaya. Mpwa wetu wa London, aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa ameambiwa achungulie kwenye taka. Akachungulia, akaona namba ya kutuma fedha na maneno yaliyopinda. Mtanzania yeyote anaujua ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Akaiacha barua mlemle, na ile iliyopenya kwenye kisanduku chake kingine akabonyeza kuripoti kuwa ni taka. Alitimiza wajibu wake. Lakini taarifa kama ile haiishi kwa mtu mmoja. Mtoa huduma huitumia kupima barua za mtumaji yuleyule kwa wateja wake wote. Kidole cha London kilitosha kutuongezea uzito hata Toronto.

Mume wangu akaichukua kazi ile kwa upole, bila kumvunjia ndugu yake heshima, akampa kitinda mimba aiongoze, shemeji akabaki mwandishi. Anwani mpya ikawekwa kando. Tulitumia anwani ya zamani ya mume wangu, ambayo ndugu wamekuwa wakiandikiana nayo kwa miaka, kwa kuwa kichujio humpa nafasi mtu ambaye mpokeaji aliwahi kumjibu. Daftari lilipitiwa jina kwa jina pamoja na mama mkwe, na waliotangulia mbele ya haki wakaondolewa kwa dua. Barua ziligawanywa, kila moja na jina la anayeandikiwa: "Mpendwa Dada, assalaam aleikum." Kichwa kikasema tu, "Harusi ya binti yetu, Tanga." Siku, mahali na majina ya wazazi yakaandikwa kwa maneno ya kawaida, kadi ikafuata chini kama nyongeza. Kiungo kilichofupishwa kikaondoka, rangi nyekundu ikaondoka. Suala la mchango likaachiwa sauti ya mtu, kwa simu, kwa sababu ndugu anayeombwa fedha ana haki ya kumsikia anayemwomba.

Kisha kila ndugu akapigiwa na kuombwa mambo matatu: aitafute barua hata kwenye taka, abonyeze kuwa si taka, halafu ajibu walau mstari mmoja na kuihifadhi anwani kati ya watu anaowajua. Nilimpigia wifi mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wifi, ungeanza na simu." Ni kweli kabisa, nami nikamwambia ni kweli.

Majibu yakaanza kuja. London ilijibu kwa aibu na mchango mnono. Toronto ikauliza rangi ya sare. Wifi alishuka Tanga na sanduku la udi na mavazi ya mwali, akashika nafasi yake kama inavyompasa. Siku ya kupamba nilimkuta ukumbini amezungukwa na wanawake watatu wa makamo, simu mkononi, akiwafundisha palipo vistari vitatu. Mmoja wao alikuta humo barua ya mwanawe aliye Ughaibuni, ambaye mama huyo alikuwa amemnunia.

Nimejifunza kukiheshimu kichujio. Tangu Mei 3, 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC ya Marekani alipowatumia watu wapatao 400 tangazo la kompyuta ambalo hawakuliomba, walaghai hawajapumzika, na bila ulinzi huu mama zetu wangeibiwa kila siku. Lakini mlinzi huyu anakisia kwa ushahidi tunaompa sisi. Kila tunapobonyeza "taka" tunatoa ushahidi juu ya mtu, na kila tunapoitoa barua njema kwenye taka tunamsafishia mtu jina. Ushahidi una hukumu yake, basi tuutoe kwa haki. Tapeli wa simu aripotiwe bila huruma. Hapa Tanzania namba ni 15040. Ndugu naye atafutwe kwanza. Mpigie mama yako leo, umwongoze mpaka kwenye Barua taka, msome pamoja yaliyomo, kabla siku 30 hazijatimia.