Marahaba, Kenny

Chumvi ya nyumba hii haikai tena jikoni. Iko chumbani kwa mama mkwe, uvunguni, nyuma ya sanduku la kanga, na nikitaka kuunga mchuzi sina budi kupiga hodi. Wifi yangu Mwanaidi anasema tushukuru, maana daktari anayempima mama presha alishatukanya juu ya chumvi zamani. Lakini mama hakuihamisha kwa sababu ya presha. Aliihamisha kwa sababu ya Kenny.

Kenny hakai hapa Ngamiani. Ni mvuvi wa Florida, mtu wa kofia na masharubu, anayeishi ndani ya The Walking Dead, gemu la mazombi ambalo kampuni ya Telltale Games ya Marekani ililitoa kwa sehemu tano mwaka 2012. Shemeji yangu Sudi ndiye aliyetuletea. Alichomeka kompyuta yake kwenye televisheni ya sebuleni, akatuapia kwamba hili si gemu la kufyatua risasi ovyo. Ni hadithi. Unawasikiliza watu wakizungumza, kisha unaulizwa: utajibu nini, utamwokoa nani? Chini ya maneno kuna mstari unaopungua, nao ukiisha kabla hujachagua, kunyamaza kwako ndilo jibu. Ukitamka jambo zito mbele ya Clementine, yule mtoto, panatokea maandishi kwamba Clementine atalikumbuka hilo.

Watoto wakishalala, sisi wakubwa tunaketi. Sudi anashika padi na kutafsiri, wengine tunapiga kura kwa kelele. Mtu tunayemwongoza ni Lee Everett, mwalimu wa historia aliyehukumiwa kwa kumuua mwanamume aliyetembea na mkewe. Anatolewa Atlanta ndani ya gari la polisi, gari linapata ajali, na anapotoka anakuta dunia imekwisha haribika. Clementine, mwenye miaka 8, amejificha kwenye kijumba cha juu ya mti; wazazi wake walisafiri kwenda Savannah. Basi Lee anakuwa mlezi.

Mama alipowaona wale wafu alisema ni misukule tu, tuendelee. Sudi akamwambia hawa wanakula watu. Mama akakataa katakata. Msukule anayemjua yeye analimishwa shamba la mtu usiku na kulishwa pumba, tena ana ndugu, na ndugu wakipata fununu watahangaika kwa waganga mpaka arudi nyumbani. Hawa hakuna anayewatafuta, wanapasuliwa vichwa na safari inaendelea. Aliona Wamarekani wanakata tamaa mapema mno.

Mambo yaliharibika sehemu ya pili, yenye njaa. Lee anakabidhiwa vipande vinne vya chakula awagawie watu wapatao kumi. Sebule yetu haijawahi kubishana vile tangu mirathi ya shamba la Muheza. Viwili vilikwenda kwa watoto, Clementine na Duck, mwana wa Kenny. Hapo hakuna aliyefungua mdomo. Cha tatu, mama akasema, apewe Larry.

Larry ni mzee mwenye moyo mbovu na mdomo mbovu zaidi. Mume wangu akaruka kitini. Larry huyu? Si ndiye aliyempiga Lee ngumi kule mjini Macon na kumwacha aliwe, baada ya Lee kuhatarisha roho yake kumpatia vidonge vya moyo?

"Mzee ni mzee," mama akasema. Larry akala.

Baadaye kundi lile likakaribishwa kwa familia ya St. John, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakaandaliwa chakula cha jioni. Nyama iliyokuwa mezani ilikuwa ya Mark, mwenzao. Mwanaidi alikuwa na sahani ya mishikaki mapajani. Aliiweka chini polepole, na mpaka leo hajaizungumzia.

Kisha Lee, Kenny, Clementine, Larry na binti yake Lilly wanajikuta wamefungiwa kwenye chumba baridi cha kuhifadhia nyama. Larry anaugombeza mlango kwa mangumi hadi moyo unamshika, anaanguka chali. Lilly anamkanda kifua huku akilia. Kenny anasema acheni, maana wameshajionea kwamba kila anayekufa huinuka, hata asiyeng'atwa, na pandikizi la mtu kama lile likiinuka humu ndani hatoki mtu. Pale chumbani yapo matofali ya chumvi ya kulambwa na ng'ombe. Msaidie Lilly kumzindua, au msaidie Kenny kummaliza?

Mstari ukaanza kukimbia. Sudi akapiga kelele, "Semeni!" Na mume wangu, mtu ambaye hata kuku wa sikukuu humwita jirani aje achinje, akanguruma: "Mmalize huyo mzee!"

Tofali la chumvi likashuka.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, dawa zake za presha ziko juu ya stuli kando ya glasi ya maji. Alizichukua, akazifunga kwenye pindo la kanga, akainuka. Mlangoni akamgeukia mwanawe.

"Kwa hiyo mimi siku nikianguka hapa, mtaniwahi."

Asubuhi chumvi haikuwepo jikoni. Chai iliyomiminwa na mwanawe hakuinywa. Mume wangu akainama kumwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu bila kumtazama: "Marahaba, Kenny."

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Haukuwa. Mwanaidi akaitwa tena kutoka kwake, na majirani wawili watatu walishapata habari kwamba Baba Salma kamkana mama yake mbele ya televisheni. Sudi naye, akitaka kumtoa kaka yake lawamani, akaingia kwa mama na hoja ambayo wachezaji wa gemu hili wamekuwa wakiilalamikia tangu lilipotoka: uchaguzi wake ni kiini macho. Ukimsaidia Lilly, Larry anaonekana kama anataka kuvuta pumzi, na Kenny anamshushia chumvi ileile. Kule shambani kwa mkulima Hershel, mwanawe Shawn anakufa hata ukimkimbilia yeye ukamwacha Duck. Kule Macon unaokoa mmoja kati ya wenzao wawili, Carley au Doug, na utakayemwokoa atakufa kwa risasi ya Lilly sehemu ya tatu. Kwa hiyo, mama, kaka hakuua mtu. Larry angekufa tu.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Kufa atakufa. Mimi naulizia mwanangu alisema nini."

Gemu hili lilipewa tuzo ya gemu bora la mwaka 2012 kwenye tuzo za Spike, na waliolisifia ni wengi, lakini sijasikia aliyelieleza vizuri kuliko mama. Wanaolalamika wana haki yao pia: linaanza kwa kukuahidi kwamba hadithi itafuata uamuzi wako, halafu kila njia inakutupa barabara ileile. Hiyo ni ahadi ya mwanasiasa. Ila mimi nilichokuwa nakitazama hakikuwa Larry. Nilikuwa namtazama mume wangu akipaza sauti, na nimekaa naye miaka mingi bila kujua kwamba ana sauti ile.

Suluhu aliitoa Mwanaidi: pale parudiwe, na mtuhumiwa ashike padi mwenyewe, mama akiona. Mume wangu hajui padi. Akambonyezea Lee maneno asiyoyataka, akamjibu Lilly ufedhuli, na alipofika kwenye kifua cha Larry, amekanda mara mbili, umeme wa LUKU ukaisha. Giza tupu. Sauti ya mama ikatoka kitini kwake: "Visingizio." Nikanunua umeme kwa simu, binti yetu Salma akaamshwa kuingiza tokeni kwa vile mita iko juu na yeye ndiye mwenye macho. Tukaanza upya. Safari hii mume wangu alikanda kifua kile huku jasho linamtoka, Larry akatikisika, Kenny akashusha chumvi.

Mama akatikisa kichwa. "Huyo Kenny ana lake. Wewe nimekuona."

Kila sehemu ikiisha, gemu huonyesha ni wachezaji wangapi katika kila mia waliochagua kama wewe na wangapi waliokwenda upande wa pili. Sudi akamsomea. Mama akayatazama majina na tarakimu kwa muda, akauliza hao wa upande wa Kenny, mama zao wana habari?

Sudi akasema gemu halionyeshi hilo.