Nauli ya Kushawishi

Mwaka 2014 Malaysia Airlines ilipoteza ndege mbili ndani ya miezi mitano. Machi, MH370 ilitoweka na watu 239. Julai, MH17 ikatunguliwa juu ya Ukraine, wakafa wote 298. Nauli zikashushwa, na wasafiri wakageuka wataalamu wa anga. Moyo ukisema lina nuksi shirika hilo, mfuko unajibu: ah, sasa si ndiyo watakuwa waangalifu kuliko wote? Septemba shirika lenyewe likawarahisishia uamuzi. Likaanzisha shindano Australia na New Zealand: taja mambo unayotamani kuyafanya kabla hujafa, ushinde tiketi ya bure! Shindano likabadilishwa jina upesi, kwa aibu. Mimi ningejaza moja tu: kutua.