Kabla Gia Boksi Haijashushwa: Mambo Tisa, Kutoka la Ghali Hadi la Bure

Tambarare husamehe, mlima hausamehi. Gari la miaka 20 linaweza kuzunguka Msamvu, Kihonda na Mazimbu mjini Morogoro mwaka mzima bila kulalamika, kisha siku moja likaelekezwa Mgeta, milimani. Umeacha barabara kuu pale Mzumbe, kona zimeanza, abiria wamejaa. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unaruka kutoka 2,500 hadi 4,000, na mwendo hauongezeki hata kidogo. Mama mwenye tenga la kabichi kichwani anakupita kwa miguu, tena anakusalimia.

Hiyo ndiyo gia inayoteleza, au kama mafundi wanavyosema, inasilipu: nguvu imetoka kwenye injini ikapotea kabla ya kufika kwenye matairi. Hukumu nayo husomwa upesi: gia boksi imekufa, ishushwe. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Uluguru inapanda kupita mita 2,600, kwa hiyo hapa udhaifu wa gia boksi ya otomatiki haujifichi. Lakini udhaifu si kifo. Tuhesabu kurudi nyuma basi: tunaanza na dawa ya ghali, ambayo hutajwa kwanza, na tunashuka hadi ile isiyogharimu kitu, ambayo ndiyo ilipaswa kutangulia.

9. Kununua gia boksi nyingine

Gia boksi ya mtumba kutoka Japani nayo iliishi maisha yake kabla ya kukutana nawe, na haiji na wasifu wake mkononi. Ukilazimika kuinunua, linganisha namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha gari lako, aina ya injini, na kama gari linavuta kwa magurudumu mawili au manne. "Zinafanana" si kipimo. Hata mapacha wana vyeti viwili vya kuzaliwa.

Kabla ya kuifunga, mabomba yanayopeleka oili kwenye rejeta yasafishwe, maana chembe za chuma za gia boksi ya zamani hubaki humo zikimsubiri mgeni. Na toki konveta, kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi, iingie hadi mwisho wa nafasi yake kabla bolti hazijakazwa. Ikilazimishwa kwa bolti, pampu ya oili huvunjika, na umenunua gia boksi ya kutazama. Dhamana ya muuzaji iwe kwenye karatasi. Maneno matamu ya dukani hayafiki Mgeta.

8. Ovahoo

Ndani ya gia boksi kuna klachi pleti za aina mbili, za chuma na zenye utando wa msuguano, zimepangwa kwa zamu moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani. Shinikizo la oili likizibana, gia inashika. Utando ukiisha, au mipira inayozuia oili ikikauka na kuvujisha shinikizo, pleti zinasuguana bila kushikana. Kanuni hiyo ni ya zamani: Oldsmobile ya Marekani iliuza gia boksi ya Hydra-Matic kwenye magari ya mwaka 1940, na hadi leo chumba cha klachi kinaishi kwa shinikizo la oili.

Ovahoo ni haki pale oili inapokuwa sahihi na ya kutosha, lakini ni nyeusi, inanuka kuungua, kuna vipande vya chuma kwenye sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi), na gari linateleza kwenye gia zote likishapata moto. Hapo fungua, na ukifungua badilisha pleti zote za msuguano pamoja na mipira yote. Kubadilisha ile iliyoungua tu ni kuziachia jirani zake zamu ya kuungua. Kazi ifanyike juu ya meza safi, ndani. Vumbi la Kihonda si kilainishi.

7. Solenoidi na valvu bodi

Kwenye gia boksi zenye kompyuta, solenoidi ndizo zinazofungua na kufunga njia za oili kwenye valvu bodi. Moja ikikwama, gia moja inakosa shinikizo, nawe unadhani nyumba nzima imeanguka. Taa ya O/D OFF (ya kuzima ovadraivu) ikipepesa yenyewe, haipambi dashibodi: mara nyingi kompyuta imehifadhi kosa na inasubiri mtu wa kulisoma. Pima kwa mashine kabla ya kushika spana.

Kisha pima kwa mita ya umeme. Kwenye Toyota nyingi za zamani, solenoidi za kubadili gia husoma kati ya omu 11 na 15 zikiwa baridi; hakikisha kwa kitabu cha gari lako. Angalia pia nyaya na soketi yake, maana panya wa Morogoro wanajua kutafuna zaidi ya mahindi. Kwenye modeli nyingi solenoidi hufikiwa kwa kufungua sampu, bila kuishusha gia boksi. Sentensi hiyo peke yake inaweza kukuokolea ada ya mtoto.

6. Toki konveta

Nenda barabara ya Dodoma kuelekea Dakawa, mahali palipo tambarare, mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, gari likiwa limepata moto. Ukiwa na mguu mwepesi kwenye mafuta, toki konveta hujifunga na mizunguko hushuka kidogo. Kama wakati huo gari linatetemeka, gusa breki kwa wepesi bila kuachia mafuta. Mtetemo ukikoma papo hapo na mizunguko ikapanda, mshukiwa wako ni kifungo cha toki konveta, na klachi za ndani zinaweza kuwa salama kabisa. Mara nyingine oili mpya ya aina sahihi humaliza mtetemo huo. Mpe nafasi hiyo kabla ya kumfukuza nyumbani.

5. Kebo ya kanyagio

Magari mengi ya miaka ya 1990 yana kebo inayotoka kwenye throtoli hadi kwenye gia boksi. Kazi yake ni kuiarifu gia boksi kwamba umekanyaga, ili iongeze shinikizo. Kebo ikilegea, injini inapiga kelele huku gia boksi haijapata habari. Gia zinapanda mapema mno, pleti zinabanwa kidogo, na mlimani zinateleza.

Kwenye Toyota za namna hiyo, mtu akikanyaga mafuta hadi mwisho (injini ikiwa imezimwa), nafasi kati ya mfuniko wa mpira na kituo kilicho kwenye waya isizidi milimita 1. Marekebisho ni nati mbili na dakika chache. Pleti zinaungua kwa sababu ya nati mbili, jamani!

4. Rejeta

Oili ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye chumba chake. Safari ya Bigwa kwenda Kiroka na Matombo wakati wa masika hupaka tope kwenye mapezi ya rejeta, hewa inakosa njia, na oili inaiva. Oili iliyoiva huwa nyepesi, shinikizo hushuka, gia huteleza, na kuteleza kwenyewe huongeza joto. Osha rejeta kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, na ukipanda mlima mrefu zima O/D au weka 2 ili gia isirukeruke. Gari likianza kuteleza, simama, weka P na uache injini iungurume taratibu ili oili ipoe. Mandhari ya Uluguru hayatozi kiingilio.

Wakati wa kushuka tumia 2 au L, injini isaidie breki. Kuweka N ili "kubana mafuta" kwenye kona za Mgeta ni kuuza roho kwa nusu lita.

Oili ikitoka na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kitu chekundu, maji ya rejeta yameingia. Usiendeshe tena hata hadi sokoni. Maji huachanisha utando na pleti zake, na kila kilomita inaongeza bili. Rejeta ibadilishwe kwanza, ndipo gia boksi isafishwe.

3. Oili sahihi

Oili nyingi za gia boksi ni nyekundu, na wekundu si undugu. Type T-IV, WS na Dexron zina viambato tofauti vya msuguano, na oili ya CVT, gia boksi isiyo na ngazi za gia, ni kabila jingine kabisa. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ina gia boksi ya kawaida ya gia nne. IST ya kizazi cha pili ina CVT. Ukiyatendea sawa kwa sababu jina ni moja, utaua moja. Soma kitabu, au maandishi yaliyo kwenye stiki ya kupimia oili yenyewe.

Na kumbuka, CVT hupandisha mizunguko kabla mwendo haujafika kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa. Usiitibu ugonjwa isiokuwa nao.

Ukimwaga oili kwa kufungua bolti ya chini, kiasi kikubwa hubaki kwenye toki konveta, kwa hiyo badilisha, endesha siku kadhaa, kisha rudia. Fungua sampu uone sumaku zake: uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyosikika mkononi ni msiba. Chujio lisafishwe au libadilishwe, maana likiziba, pampu hunyonya hewa.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Mjomba wako yuko Temeke, mhurumie.

2. Kujaribu gari kwa maswali

Gia boksi inajibu ukiiuliza vizuri. Je, inateleza ikiwa baridi au ikishapata moto? Ikiwa moto tu, shuku oili, mipira iliyochakaa na rejeta. Inateleza gia zote au moja? Zote, shuku kiasi cha oili, chujio au pampu; moja, shuku klachi au solenoidi ya gia hiyo. Rivasi ikoje? Kutoka N kwenda D inachukua muda gani kushika? Ikikawia na kisha kuruka kwa kishindo, shinikizo ni dogo.

Swali la msingi kuliko yote ni hili: mizunguko inapanda bila mwendo, au vyote viwili vimegoma kupanda? Kama vyote vimegoma, mara nyingi gia boksi haina kosa. Angalia plagi, chujio la mafuta, au breki inayobana gurudumu. Wapo waliofanya ovahoo kwa ajili ya plagi, na mlima ukawaambia ukweli baada ya fedha kuisha. Andika majibu yote kwenye karatasi umpelekee fundi. Fundi mzuri ataifurahia, na asiyeitaka amejitambulisha.

1. Stiki

Bure. Dakika tano. Endesha gari hadi gia boksi ipate moto, simama mahali pa sawasawa, vuta breki ya mkono. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha lever kwenye gia zote ukikawia kidogo kila moja, rudi P, na acha injini ikinguruma. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe, ichomoe tena. Oili iwe ndani ya alama ya HOT. Idondoshee kwenye karatasi nyeupe uione rangi, kisha inuse. Gari lisilo na stiki lina bolti ya kupimia chini yake, na hiyo ni kazi ya fundi, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa.

Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo ukipima kila mara. Ikizidi hutoa povu, na povu halibani pleti. Halafu tafuta ilikokwenda, kwa sababu oili ya gia boksi haiungui ikaisha kama ya injini. Kama imepungua, imevuja: gasketi ya sampu, sili za ekseli, au mipira ya mabomba ya rejeta. Hizo ni spea ndogo, na kila moja imewahi kuzikwa ndani ya bili kubwa.

Kwa hiyo fundi akikuambia gia boksi ishushwe, mwombe kwanza mchomoe stiki pamoja. Akikubali, mwachie gari. Akikataa, ondoka nalo.